Ni nani mwenye haki ya kumpa mtu jina?

Muhula uliopita, katika kipindi cha tafsiri, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu habari fupi iliyochapishwa na gazeti moja la Kiingereza ili waigeuze kwa Kiswahili. Habari yenyewe ilimhusu Sam Smith, mwimbaji wa Uingereza ambaye vijana hawa wanazijua nyimbo zake kuliko wanavyozijua ngeli. Kila mahali mwandishi alipomrejelea mwimbaji huyo alitumia kiwakilishi 'they', ambacho sisi tuliofunzwa Kiingereza cha zamani tulikariri kuwa ni cha wingi. Hazikupita dakika kumi kabla ya mkono mmoja kuinuka. "Mwalimu, gazeti limekosea sarufi. Mtu ni mmoja na wanamwita 'wao'." Mwenzake akamdakia kwamba hilo si kosa, ndivyo mwenyewe anavyotaka arejelewe, kwa kuwa hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Darasa likaangua kicheko, na kutoka viti vya nyuma likatamkwa neno moja la kashfa ambalo kila msomaji analijua.

Nilifanya tunavyofanya walimu wengi tukibanwa. Niliwaambia waandike 'yeye' na waendelee na kazi, kengele iko karibu. Wakaandika. Tafsiri zilitoka safi, na jambo ambalo limewatia Waingereza na Wamarekani katika mabishano kwa miaka zaidi ya kumi, Kiswahili kikalivuka bila hata kujikwaa. Lakini wenzake walipokwisha kutoka, mwanafunzi mmoja alibaki. Hakuwa miongoni mwa waliocheka. Aliuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtu kama huyo kwa Kiswahili anaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta, na makala haya yametokana na kutafuta huko. Najua wapo wasomaji watakaokereka kuliona jambo hili katika ukurasa huu. Nawaomba subira. Watoto wetu tayari wanalizungumza, katika simu zao na mabwenini, na wanalizungumza kwa maneno waliyoyaokota njiani. Mwalimu anayenyamaza hajalizima jambo. Amewaachia wengine kazi ya kulifundisha.

Kwanza yafaa tutenganishe vitu ambavyo aghalabu magazeti yetu, na hata wanasiasa wetu, huvikoroga katika chungu kimoja. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili ambayo hayaangukii waziwazi upande wa kiume au wa kike. Hilo ni suala la mwili. Aliyebadili jinsia, ambaye kwa Kiingereza huitwa 'transgender', ni mtu anayejitambua kuwa wa jinsia isiyolingana na ile iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa, awe amekwenda kwa daktari au asiende. Mpenda jinsia yake ni mwanamume anayewapenda wanaume au mwanamke anayewapenda wanawake, naye kwa kawaida hana shaka yoyote kuhusu jinsia yake mwenyewe. Hao wa mwisho, wanaoitwa 'non-binary', nami kwa kukosa neno bora nitawaita nonbainari, ni wale wasemao kwamba viko vyumba zaidi ya viwili, na kwamba wao hawaishi katika kimojawapo cha hivyo viwili vinavyojulikana. Mtu aweza kuwa mmoja katika hao bila ya kuwa mwingine. Anayewachanganya ni kama mwalimu anayesahihisha insha ya Historia kwa mwongozo wa Kemia.

Katika hao wote, huntha ndiye ambaye Wakenya tumemfikia karibu zaidi, na njia tuliyopitia ina mafunzo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mfungwa mmoja huntha aliyekuwa amezuiliwa pamoja na wafungwa wanaume, akivuliwa nguo na kufanyiwa dhihaka mbele yao. Mahakama ilikataa kuitambua jinsia ya tatu, lakini ikakiri kwamba alitendewa isivyo utu na kuamuru alipwe shilingi 500,000. Miaka tisa baadaye, katika sensa ya 2019, serikali ya Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limefanywa na nchi nyingine ya Afrika. Walihesabiwa watu 1,524 katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Mwaka 2022 Sheria ya Watoto ikawataja watoto huntha kwa jina na kuwawekea ulinzi. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Tazama sasa neno lenyewe. Huntha limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili kwa karne nyingi katika vitabu vya fikihi, hasa kuhusu mirathi: je, mtoto wa aina hiyo apewe fungu la mwana wa kiume au la binti? Haikuwa kashfa, ilikuwa hesabu ya haki. Kutoka katika mzizi huo huo wa Kiarabu tumepata neno jingine, hanithi. Hilo la pili limekuwa tusi ambalo mtu akitamkiwa barabarani ngumi huruka. Nchini Oman watu walioitwa hivyo walikuwa na nafasi yao inayojulikana katika jamii. Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Norway, Unni Wikan, aliandika juu yao mwaka 1977 baada ya kuishi katika mji wa Sohar, na alichokieleza ni watu waliochukuliwa kuwa kundi la kati, wakiingia kwa wanawake pasipo kizuizi, ilhali kisheria walihesabiwa wanaume. Mzizi ni mmoja, ila neno moja limepanda gazetini na jingine limeshuka mtaroni. Sidhani kwamba tofauti imo katika herufi. Huntha lilishikwa na mawakili, madaktari na wenyewe huntha wakalitumia kudai haki. Hanithi liliachiwa watu wa mitaani.

Wa pwani watakuwa wamekwisha kufikiri juu ya neno jingine, shoga. Namkumbuka mwalimu mwenzangu kutoka bara aliyehamishiwa Mombasa, akashtuka siku ya kwanza kuwasikia akina mama wawili watu wazima wakiitana "shoga yangu" sokoni mchana kweupe. Hakujua kwamba kwa wanawake wa pwani hilo ni jina la mapenzi na usuhuba, na ndivyo lilivyo hadi leo. Huko alikotoka yeye, neno hilo hilo lilimaanisha mwanamume anayelala na wanaume, nalo lilitamkwa kwa kutema mate. Neno ni lile, herufi ni zile, na kila kizazi na kila mtaa una yake.

Naingia sasa katika vizazi, kwa maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunadhani kwamba huko ng'ambo watu hawa wote wana sauti moja na kwamba orodha ya herufi LGBTQ ilishushwa kutoka kiwandani ikiwa imekamilika. La hasha. Ukiwaweka chumba kimoja mzee wa miaka 80 na kijana wa miaka 20, wote wawili wakiwa wa kundi hilo, huenda wasielewane hata kuhusu jina la chumba.

Neno 'homosexual' lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 katika kijitabu cha Kijerumani. Aliyelitunga, Karl-Maria Kertbeny, alikuwa akipinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu wanaume wa namna hiyo. Alilitaka liwe neno la kawaida lisilo na lawama, badala ya yale ya makanisani na mahakamani. Kwa bahati mbaya lilidakwa na madaktari, wakaligeuza jina la ugonjwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1973 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoliondoa katika orodha yake ya maradhi, na mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo. Basi mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 huko Marekani aliishi ujana wake wote akiwa na jina la hospitali. Yeye na wenzake walipolichagua neno 'gay', ambalo asili yake ni uchangamfu, walikuwa wakijivua shuka la wagonjwa.

Mzee huyo alikuwa na neno jingine alilolichukia kuliko yote, 'queer'. Hilo ndilo alilosikia alipokuwa akipigwa. Mwaka 1990 vijana wa New York waliunda kikundi na kukiita Queer Nation. Walilinyakua tusi wakalivaa kifuani, kama kwamba wanamwambia adui: silaha yako tumekuondolea. Leo lipo katika majina ya idara za vyuo vikuu. Wapo wazee wasiotaka kulisikia hadi kesho, nao hawana kosa, kwa kuwa mwili una kumbukumbu zake. Kijana huliona ni neno lenye nafasi, asilolazimika kulieleza zaidi. Mzee husikia kishindo cha buti.

Nonbainari ni mtoto mdogo katika ukoo huu. Katika miaka ya 1990 baadhi ya Wamarekani waliunganisha jinsia na lile tusi la zamani kupata neno moja la kuwataja wasiokubali mipaka ya kiume na kike. Neno hilo lilitumiwa na wachache, kisha baada ya mwaka 2010 'non-binary' likalipiku. Kamusi ya Merriam-Webster ililichagua 'they' kuwa neno la mwaka 2019, mwaka ule ule Sam Smith alipotangaza kiwakilishi chake. Kumbuka kwamba msanii huyo alikuwa amejitambulisha mwaka 2014 kuwa mpenda jinsia yake, akiwa mwanamume. Mtu mmoja, na katika miaka mitano majina mawili.

Je, hawa vijana wameongezeka kweli au wamepata tu neno? Hapa twahitaji takwimu, na nchi ya kuangalia ni Kanada, ambayo katika sensa ya mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza duniani kukusanya na kuchapisha hesabu ya aina hii. Kati ya watu takriban milioni 30.5 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 100,815 walijieleza kuwa wamebadili jinsia au ni nonbainari. Nonbainari peke yao walikuwa 41,355. Kwa jumla ni mtu mmoja katika kila 300. Lakini tenganisha vizazi uone: miongoni mwa waliozaliwa kati ya 1997 na 2006, walikuwa asilimia 0.79, na miongoni mwa waliozaliwa mwaka 1945 na kurudi nyuma, asilimia 0.12. Zaidi ya nusu ya nonbainari walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 24. Nchini Marekani, utafiti wa taasisi ya Williams uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria nonbainari milioni 1.2 katika watu wazima wa LGBTQ, na asilimia 76 kati yao walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 29.

Wanaopinga huzishika takwimu hizi kwa mikono miwili. Wanasema: mnaona, ni mtindo tu wa vijana, kama suruali za kuchanikachanika. Nao wana mfano wa kutolea. Mwimbaji Demi Lovato alijitangaza kuwa nonbainari mwaka 2021 na kuomba aitwe 'they', na mwaka 2022 akaanza tena kutumia 'she'. Sitaupuuza mfano huo. Kijana hujaribu majina kama ajaribuvyo viatu, na mwalimu yeyote aliyewahi kuona sahihi ya mwanafunzi ikibadilika mara nne kwa mwaka anajua hivyo. Lakini mwenyewe Lovato alieleza baadaye kwamba sehemu ya sababu ilikuwa kuchoka, kuchoka kujieleza kwa kila mtu kila siku. Aliyechoka kubeba mzigo hajasema kwamba mzigo haukuwapo.

Aidha, ukosefu wa neno huficha watu. Nitoe mfano wa hapa nyumbani, kutoka somo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili amelifundisha. Tulipokuwa shuleni tuliandika kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, na hatukuona ubaya. Maneno hayo yako katika sura ya KI-VI, pamoja na kiti na kikombe, ijapokuwa upatanisho wake ni wa mtu: kipofu amekuja. Kisha wenyewe wakaanza kusema kwamba hawataki kufananishwa na vyombo. Tukafundishwa kuandika mlemavu, halafu mtu mwenye ulemavu, halafu mtu anayeishi na ulemavu. Zeruzeru likatupwa, na hivi leo gazeti linaloheshimika huandika mtu mwenye ualbino. Wapo walionung'unika kwamba lugha inaharibiwa. Hata hivyo yupo mzee mmoja jirani yangu asiyeona, ukimwita mtu mwenye ulemavu wa macho atakuuliza mbona unazunguka mbuyu, yeye ni kipofu na jina lake ni Mzee. Pia nimekutana na viziwi wanaolishikilia neno kiziwi kwa fahari, kwa kuwa kwao ni jina la taifa lenye lugha yake ya ishara, na si upungufu wa masikio. Vizazi havikubaliani hata hapo. Na watoto waliokuwa wakifichwa nyumbani chini ya maneno yale ya zamani wamejitokeza shuleni wakiwa wengi zaidi. Je, tuseme maneno mapya yamewazaa?

Kwa hiyo swali si kama majina yatabadilika. Swali ni nani anayeshika kalamu. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini watatufaa hapa. Kwa karne kadhaa wageni kutoka Ulaya waliwaita watu fulani wa makabila hayo 'berdache', neno la dharau lililoingia hata katika vitabu vya wataalamu. Wenyewe walikuwa na maneno yao: Wanavajo walisema nádleehi, Wazuni walisema lhamana. We'wha, aliyekuwa lhamana mashuhuri na fundi wa kufuma na kufinyanga, alizuru Washington mwaka 1886 na kukutana na wakubwa wa serikali waliomdhani kuwa mwanamke. Mwaka 1990, katika mkutano wao karibu na Winnipeg nchini Kanada, wenyeji hao waliamua kulitupilia mbali neno la wageni, wakachagua jina la pamoja linalomaanisha mwenye roho mbili. Si kila kabila linalitumia. Wapo wanaosema neno la lugha yao latosha. Lakini hakuna tena anayewaandikia kutoka nje.

Hapa nataka niwape onyo ndugu zangu wanaharakati, maana upande huo nao una haraka yake. Nimewasikia wakidai kwamba Afrika ya kale ilijaa nonbainari, wakitaja ndoa za mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wanandi, Wakamba na wengineo. Ndoa hizo zipo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilizitambua kwa mila ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Ni kweli vilevile kwamba kwa Wanandi mwanamke aliyeoa mke huhesabiwa kuwa mume, na hupewa heshima za kiume. Lakini aliyeoa alitaka mrithi wa boma na mifugo. Hakusema lolote kuhusu nafsi yake iliyo ndani. Kumvisha bibi huyo jina lililozaliwa New York ni kumpora kama vile mmisionari alivyompora alipomwita mshenzi. Kinachothibitishwa na mila hiyo ni kidogo, ila kina uzito: kwamba mume na mwanamume havikuwa daima kitu kimoja kwa wazee wetu, na kwamba waliweza kulibeba jambo lenye utata bila kupigana mawe.

Twaweza sisi kulibeba? Mwaka 2014, katika Mahakama Kuu ya Nairobi, kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa iliamuliwa, nayo ni kesi ambayo kila mwalimu yafaa aisome. Mbugua alifanya KCSE mwaka 2001 na kupata alama ya A-. Cheti kilibeba jina la kiume alilopewa utotoni pamoja na alama ya jinsia, na mtu aliyefika mbele ya waajiri akiwa nacho hakufanana na cheti. Baraza lilikataa kukibadilisha. Jaji Weldon Korir aliamuru kitolewe kingine chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia. Hoja yake moja yanipendeza kwa urahisi wake. Alama ya jinsia haikuwa sehemu ya lazima ya cheti kwa kanuni za baraza lenyewe, na kuiondoa hakupunguzi chochote katika maksi alizopata mtahiniwa. Kwa hakika, swali la Hesabu halimuulizi anayelijibu ni Me au Ke.

Msomaji ataona kwamba nimekisimulia kisa hiki bila kulazimika hata mara moja kuchagua kati ya 'he' na 'she'. Magazeti ya Kiingereza ya wakati ule yalihangaika, mengine yakiandika hiki na mengine kile. Kiswahili hakikutuuliza. Ndugu, mwana, mpenzi, mwalimu, mtahiniwa: maneno yetu mengi yanamwacha mtu awe mtu kwanza. Lakini tusijivune kupita kiasi. Lugha isiyo na 'he' na 'she' ndiyo ile ile iliyotoa tusi lililorushwa darasani mwangu. Sarufi haina chuki, na haina huruma pia.

Wala si Kiswahili peke yake kinachotatizika na maswali yaliyotungwa kwa lugha nyingine. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 watu waliulizwa kama jinsia wanayojitambulisha nayo ni ile iliyosajiliwa walipozaliwa. Matokeo yalionyesha kitu cha ajabu: majibu ya hapana yalikuwa mengi kuliko ilivyotarajiwa miongoni mwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wataalamu walionyesha kwamba huenda wengi hawakulielewa swali, na mwaka 2024 takwimu hizo zilishushwa hadhi, zikawa za majaribio. Hebu fikiri. Taifa zima lilikosea hesabu kwa sababu ya neno moja lililoeleweka kwa waliolitunga tu. Nasi tunayachukua maneno hayo hayo, tunayapigia kelele bungeni na mimbarini, wengine wakiyalaani na wengine wakiyatukuza, pasipo kuuliza kama mama mboga amesikia kitu gani.

Hali ya sheria nitaigusa kwa ufupi. Nchini Kenya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vingali vinaadhibu vitendo vya mapenzi ya jinsia moja, cha kwanza kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ilikuwa makosa kukataa kulisajili shirika la kuwatetea watu hao, kwani haki ya kujumuika ni ya kila mtu. Vifungu hivyo vinazungumzia vitendo. Havimtii hatiani mtu kwa jinsi anavyojitambua, ingawa polisi wengi na wazazi wengi hawaitofautishi. Huko ng'ambo nako upepo umegeuka. Januari 2025 Rais wa Marekani alitoa amri kwamba serikali yake itatambua jinsia mbili tu, na pasipoti zenye alama ya X, zilizoanza kutolewa huko mwaka 2021, zikasitishwa kutolewa. Aprili mwaka huo huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba 'mwanamke' katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni kwa maana ya maumbile ya kuzaliwa. Wale waliotuambia kwamba dunia imekwisha kuamua, kwa hiyo tufuate, hawakusema kweli, na wale wanaoshangilia sasa kwamba dunia imerudi kwetu huenda wakaaibika baada ya miaka kumi.

Narudi darasani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami sidai kwamba najua inavyokuwa kuishi bila jina. Ninajua tu ninayoyaona. Naona mtoto anayetembea kinyume na wenziwe walivyozoea, mvulana mwenye sauti nyororo au msichana asiyetaka sketi, na kabla hajajua yeye ni nani shule nzima imekwisha kumpa jina. Pengine atakua awe mwanamume wa kawaida kabisa mwenye mke na watoto. Pengine sivyo. Kwa vyovyote, jina lile litamfuata hadi chumba cha mtihani. Nimewahi kumwona mmoja akiacha shule kwa ajili hiyo, na sisi walimu tulipoulizwa katika kikao tulisema ni karo. Karo ilikuwa imelipwa.

Wiki iliyofuata nilirudisha madaftari. Nilimwita aliyetamka lile neno la nyuma, nikamwomba aandike ubaoni maana yake. Alisimama na chaki mkononi kwa muda mrefu. Hatimaye akaandika "mtu mbaya", na darasa halikucheka.

Yule aliyeuliza swali alinisubiri kama mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba nimetafuta. Nikamwambia kuwa huntha ni neno zuri ila lina watu wake, kwamba hanithi na shoga yaachwe, kwamba nonbainari ni la kigeni na laweza kuingia kama lilivyoingia shule na leso, na kwamba kwa sasa mtu huyo akitajwa kwa Kiswahili ni 'yeye'.

"Inatosha?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba hilo si langu kuamua, ila likipatikana neno bora, na liwe limetoka kwa mwenyewe, mimi nitalisahihisha tahajia tu. Alitabasamu kidogo, akachukua daftari lake na kwenda.